Felco 2, Felco 6 na Felco 9: mikasi ya kupogolea kwa familia inayopogoa pamoja

Niseme mapema tu, kama bustani ya nyumbani mnaipogoa familia nzima basi msinunue mkasi mmoja mzuri alafu mkawa mnaupokezana. Nunueni unaoingia kwenye mkono wa kila mkataji, hata kama itabidi muanze na miwili na wa tatu usubiri msimu mwingine. Mkasi wa kupogolea ni kama kiatu, una saizi yake na una mguu wake, na mtu akilazimishwa kutumia usio wake atachoka mapema, atakata vibaya, na mwakani mkimwita aje kusaidia atakuwa na sababu ya kutokuja. Sisi kwetu tunaopogoa ni mama, shangazi, kaka yangu ambaye ni mashoto, mimi, na watoto wanaozunguka zunguka kubeba matawi, kwahiyo hii rivyuu naiandika kwa macho ya watu wengi wanaogombania kazi moja kwenye bustani moja, sio kwa macho ya fundi mmoja anayefanya kazi peke yake.

Tuanze na Felco 2 yenyewe maana ndo inayojulikana zaidi, ile yenye mipini myekundu. Kampuni yenyewe, Felco, ilianzishwa 1945 na Félix Flisch huko Uswisi, kwenye kijiji cha Les Geneveys-sur-Coffrane, na mpaka leo wako hapohapo. Mkasi una urefu wa kama milimita 215, uzito kama gramu 240, na unakata tawi la mpaka milimita 25 hivi. Mipini ni ya aluminiamu iliyofuliwa, juu imevikwa plastiki, bledi ni ya chuma kigumu na inafunguka ukaweka nyingine. Kuna vitu vidogo ambavyo mtu hawezi kuviona dukani ila kazini unavipenda sana. Kuna kamfereji pembeni ya bledi kanakotoa utomvu ili mkasi usigande katikati ya kazi, kuna kasehemu ka kukatia waya mwembamba ili usiharibu makali ukikutana na waya uliofungia mti, na kuna kampira kanakopokea kishindo mipini inapogongana. Hako kampira usikadharau kabisa, mtu akikata kutwa nzima kile kishindo kidogo kidogo kinahamia kwenye kifundo cha mkono na usiku ndo anaanza kukisikia.

Sasa kwa nini aina hii na sio ile nyingine ya bei rahisi? Mikasi ya kupogolea iko ya aina mbili kubwa. Kuna ile ambayo bledi inapita pembeni ya kipande kilichopinda, zinapishana kama mkasi wa nguo, na kuna ile ambayo bledi inashuka juu ya kibao bapa. Ile ya kibao inasaidia kwenye tawi kavu lililokufa maana inahitaji nguvu kidogo, ila kwenye tawi bichi inaliponda kabla ya kulikata, na ganda lililopondwa linapona polepole na linakaribisha magonjwa. Felco zote tatu ninazozisema hapa ni za kupishana. Ukikata kitawi kibichi cha waridi jeraha linabaki laini kabisa, ukipitisha kidole husikii nyuzi. Na hapa kuna jambo ambalo wasaidizi wengi hawaambiwi, mkasi wa kupishana una upande. Bledi inatakiwa ikae upande wa tawi linalobaki mtini, kile kipande kilichopinda kikae upande wa kinachoanguka, kwasababu kipande kile ndo kinachobana na kuponda kidogo. Ukigeuza mkasi vibaya unaacha kisiki cha sentimita moja kilichopondeka, na kisiki hicho kinakufa, kinaoza, uozo unarudi ndani. Mfundishe kila anayeshika mkasi jambo hili kabla hajakata chochote, linachukua dakika moja tu.

Haya, mikono. Mama ana kiganja kikubwa na anaipenda Felco 2 kuliko kitu chochote kwenye stoo. Shangazi ana kiganja kidogo na ana baridi yabisi kwenye vidole, na yeye ndo aliyetufanya tuelewe hii habari yote. Alikuwa anashika ile 2 na ikifunguka yote vidole vyake havifiki vizuri kwenye mpini wa chini, kwahiyo anakata kwa ncha za vidole badala ya kiganja, na akikata kwa ncha za vidole anaminya kwa nguvu mara mbili ya kawaida. Akaniambia, "Mwanangu, mkasi ni mzuri lakini sio wangu." Tukachukua Felco 6, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mikono midogo, ni fupi kidogo, kama milimita 195, na nyepesi kidogo, na uwezo wake wa kukata pia umeshuka kidogo, ila kwa waridi na vichaka vya maua na vitawi vya mtufaha inatosha kabisa. Tofauti kwenye namba ni ndogo mno, sentimita mbili, gramu chache, lakini mkononi mwa shangazi ilikuwa ni tofauti ya kukaa bustanini asubuhi yote na kukaa kwenye kiti akielekeza wengine. Na shangazi ndo anayejua waridi kuliko sisi wote, kwahiyo bustani nzima imefaidika.

Kwa wenye maumivu makali zaidi ya viungo ipo Felco 7 ambayo mpini wake wa chini unazunguka unapofunga mkono, inapunguza msuguano kwenye vidole na mvutano kwenye kifundo. Inahitaji kuzoea, mwanzoni mtu anahisi kama mpini umelegea, na mkono wenyewe uwe wa saizi ya kati au mkubwa, kwahiyo kwa shangazi ilikuwa haimfai hata kabla ya kujaribu.

Kaka yangu mashoto ndo kisa kingine. Watu wenye mkono wa kulia hatufikirii kabisa, tunampa mtu mkasi tunaona anakata tu, basi tunadhani mambo sawa. Lakini mkasi wa kulia ukiushika kwa kushoto unapoteza vitu viwili. Kwanza loki, ile ya kufunga mkasi, imewekwa pale kidole gumba cha mkono wa kulia kinapofika, kwahiyo mashoto inabidi atumie mkono wa pili kila anapofungua na kufunga, na mtu akichoka na hilo anaacha kufunga kabisa, anatembea na mkasi uko wazi kwenye bustani yenye watoto. Pili, ule upande uliojipinda unamkalia mbele ya macho anashindwa kuona bledi inapita wapi, anakata kwa kukisia. Miaka yote tulikuwa tunasema kaka anaacha visiki, mama alikuwa anapita nyuma yake kurekebisha, na kumbe tatizo lilikuwa chombo. Felco 9 ni ya mkono wa kushoto kabisa kabisa, kila kitu kimegeuzwa, kichwa kimeinamishwa kidogo ili kifundo cha mkono kikae kimenyooka (na ipo 10 ambayo ni ya kushoto yenye mpini unaozunguka). Siku ameanza kuitumia mama alipita nyuma yake kwenye ule mpeasi akakagua, akarudi hajagusa kitu. Kwa mama hiyo ni sifa kubwa.

Kama kuna mashoto mmoja kwenye familia yenu, huyo ndo mnunulieni kwanza. Nasema kwa moyo wote, yeye ndo anateseka zaidi na ndo wa mwisho kulalamika maana ameshazoea dunia ya kulia.

Kuhusu wakati. Kazi kubwa ya kupogoa mitufaha, mipeasi na waridi inafanyika mwisho wa majira ya baridi na mwanzo wa majira ya kuchipua, macho ya mti (yale machipukizi madogo kwenye tawi) yakiwa yameanza kuvimba lakini hayajafunguka, maana mti bado umelala, majani hayapo unaona mifupa yote, na jeraha linapata msimu mzima wa kukua mbele yake ili lifunike. Sehemu ambazo hakuna baridi kali kanuni ni ileile, unatafuta kipindi mti umepumzika kabla haujaanza kuchipua kwa nguvu. Ila sio kila kitu kinakatwa muda huo, na hapa ndo msaada wa familia unapogeuka hasara, mtu ana mkasi mkali mpya mkononi, anatafuta cha kukata. Vichaka vya maua kama forsythia na mlilaki vinatoa maua kwenye matawi ya mwaka jana, ukikata mwanzo wa majira ya kuchipua umekata maua yote ya mwaka huo, vinasubiri mpaka vimalize kuchanua. Vichaka vingine, kama buddleja na ile hydrangea yenye maua marefu ya koni, vinachanua kwenye matawi mapya, hivyo unakata mapema bila hofu. Micheri na miplamu inaachwa mpaka kiangazi kwasababu kuna ugonjwa wa kuvu unaogeuza majani rangi ya fedha, unaingia kupitia majeraha hasa kwenye kipindi cha baridi na unyevu. Mzabibu ukichelewa kuukata unatiririsha maji kwenye kila jeraha, haufi kwa hilo, lakini ni bora umalize ukiwa bado umelala.

Sisi tunachofanya ni kufunga utepe. Siku moja kabla ya kazi mama na shangazi wanazunguka bustani nzima, mti au kichaka kisichoguswa kinafungwa utepe mwekundu kwenye shina, na matawi makubwa yanayotakiwa kutoka yanafungwa mweupe. Hapo hata mtu akija kusaidia amechelewa, hajui mti hata mmoja, anaona rangi anajua. Na ugomvi unapungua sana, maana ugomvi wa kupogoa kwenye familia haunaga sababu nyingine zaidi ya "nani kakwambia ulikate lile tawi". Mjadala unafanyika tawi likiwa bado mtini, sio likiwa chini.

Mpangilio wenyewe wa kukata tunaanza na yale ambayo hakuna atakayebisha. Matawi makavu yaliyokufa, yenye ugonjwa, yaliyovunjika, na yale yanayosuguana. Ukishatoa hayo tu mti unakuwa umepungua na kila mtu anaanza kuona vizuri, na mara nyingi kilichobaki ni kidogo kuliko mlivyodhani. Baada ya hapo maotea, vile vifimbo vinavyopanda wima kabisa katikati ya mti au kutoka kwenye mizizi. Alafu ndo mnafika kwenye matawi ya kujadili, na hapo lazima mtu mmoja asiwe na mkasi kabisa. Yeye anasimama mbali, anazunguka, anaangalia umbo, anasema "hapo inatosha". Mkataji aliyeko ndani ya mti haoni mti, anaona tawi. Mama ndo hufanya hiyo kazi kwenye mitufaha, na kanuni yake ni kwamba robo ya matawi ikishaondoka kwenye mti mkubwa mnaacha mpaka mwaka ujao, maana mti ukikatwa kupita kiasi unajibu kwa kutoa msitu wa maotea na kazi ya mwakani inakuwa mara mbili.

Kwa waridi ndo Felco 6 ya shangazi inang'aa. Unatafuta jicho linaloangalia nje ya kichaka, unakata kama nusu sentimita juu yake, mkato umelala kidogo ili maji yateleze kwenda upande wa pili na sio juu ya jicho. Ukikata mbali sana kinabaki kisiki kinachokauka, ukikata karibu sana jicho lenyewe linakauka. Kwa mkasi ambao kichwa chake ni chembamba unaweza kuingia katikati ya miiba ukaweka bledi palepale unapotaka, kwa mkasi mnene unakata panapowezekana. Glavu ndefu za ngozi msiache, mpaka kwenye kiwiko, na sio kwa ajili ya mikwaruzo tu, mwiba wa waridi unaweza kuingiza kuvu ya Sporothrix kwenye ngozi na kidonda chake hakiponi haraka, na chanjo ya pepopunda kila anayeshika udongo na miiba ahakikishe iko sawa. Miwani ya kinga pia. Kitawi kilichobanwa na matawi mengine ukikikata kinaruka kama kimefyatuliwa, na jicho la mtu halina spea.

Niseme na mipaka yake maana huu mkasi watu wanausifia mpaka wanautumia kwa kila kitu. Milimita 25 ni kwa tawi bichi laini, na mkono wenye nguvu. Tawi gumu lililokauka, hata la milimita 15, lisilazimishwe. Alama ya kwamba umefika mwisho ni pale unapoanza kuuzungusha mkasi kushoto kulia ili bledi ipenye. Ukifika hapo toa mkasi, chukua kingine, kwasababu kule kuzungusha ndo kunakopinda bledi na kulegeza bolti ya katikati. Na tawi liingie ndani kabisa karibu na bolti, sio kwenye ncha, nguvu iko kule ndani. Sisi vitu vya kuanzia unene wa kidole gumba tunavipeleka kwenye mkasi wa mipini mirefu, na kuanzia unene wa mpini wa jembe tunaenda kwenye msumeno wa kukunja. Tuna Silky, wa Kijapani, unakata unapovuta na sio unaposukuma, na kwa mtu asiyezoea hilo ndo la kumwambia kwanza, asukume polepole bila kukandamiza na avute kwa nguvu, akikandamiza wakati wa kusukuma bledi inaweza kupinda.

Tawi kubwa linakatwa kwa mikato mitatu, na hii naomba msiiruke hata kama mna haraka. Wa kwanza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, usiingie ndani sana. Wa pili kwa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi linaanguka bila kuchana ganda la shina. Wa tatu ndo unatoa kile kisiki kilichobaki, na unakata nje kidogo ya ule uvimbe ulioko pale tawi linapoungana na shina. Ule uvimbe usiukate. Zamani watu walifundishwa kukata usawa na shina kabisa alafu wapake rangi, mpaka mtafiti mmoja wa idara ya misitu ya Marekani, Alex Shigo, kwenye miaka ya 1970 na 1980 akapasua magogo akaonyesha kwamba mti hauponyi jeraha kama ngozi yetu, unalijengea ukuta kwa ndani na kulifunika, na ule uvimbe ndo wenye kinga. Ukiukata umevunja ukuta. Na rangi ya jeraha haizuii uozo, kwa kawaida unaacha wazi tu pakauke. Kaka yangu ndo mtu wa msumeno kwetu, na wakati anakata mkato wa pili anapaza sauti "naangusha" na watoto wanajua wanarudi mpaka kwenye kibaraza.

Watoto. Mkasi mkali sana haumfai mtoto mdogo, kata hilo wazo kabisa, Felco inakata kidole kirahisi kuliko inavyokata mti. Lakini kazi zipo nyingi na wanazipenda kama unawapa kazi ya kweli. Wao ndo wakaguzi wa viota, kabla hatujagusa kichaka wanachungulia kama kuna ndege ameanza kujenga, na wakikuta kichaka kile kinaachwa, na neno lao linaheshimiwa hata na mama. Wanatenganisha matawi, yenye ugonjwa rundo lake mbali, mazima rundo lake, vijiti vilivyonyooka vinawekwa pembeni kwa ajili ya kushikilia nyanya na maharage. Na wanahesabu mikasi mwisho wa siku. Mipini myekundu hapa inasaidia sana, ukidondosha kwenye majani unauona, ule wa zamani tuliokuwa nao wa mipini ya kijani ulikuwa unapotea kwenye rundo unaenda na takataka. Kijana aliyekomaa akianza kufundishwa, aanze na Felco 6 kwenye tawi lililoko tayari chini, mkono wa pili uwe nyuma ya mgongo. Najua inaonekana ni kumfanya mtoto, lakini vidole vingi vinakatwa kwa mkono ule unaoshikilia tawi, sio unaokata. Na ukishamaliza kukata unafunga loki kabla ya kupiga hatua, kila mara, mkubwa kwa mdogo.

Usafi ni kitu kinachosahaulika zaidi mnapokuwa wengi, kwasababu mkasi unahama mti hadi mti na mtu hadi mtu. Kwenye mitufaha na mipeasi kuna ugonjwa wa bakteria unaofanya vitawi vionekane vimeunguzwa na moto, ncha zinapinda kama fimbo ya mchungaji, na huo unasafiri na makali ya mkasi. Tunatembea na chupa ndogo ya spiriti ya asilimia 70 na kitambaa, kila tukihama mti tunapangusa, na ukikutana na tawi lenye ugonjwa unakata chini kabisa kwenye mbao nzima na unapangusa kila mkato. Jiki inaua vijidudu pia lakini inakula chuma, ukiitumia suuza na upake oili siku hiyohiyo. Jioni utomvu unatolewa kwa brashi ya waya laini, unakaushwa, tone la oili kwenye bolti, basi.

Kunoa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unanoa upande mmoja tu wa bledi, ule wenye mteremko, kwa tupa ndogo ya almasi, nyuzi kama 20 hivi, ukisukuma kufuata mkunjo wa makali. Upande wa pili ambao ni bapa unapitisha tu mara moja tupa ikiwa imelala kabisa kutoa vinyuzi vya chuma, ukiuinamisha hapo mkasi hautafunga tena vizuri. Jaribu kwa karatasi nyembamba. Kama karatasi inajikunja katikati badala ya kukatika na makali ni mazuri, basi tatizo ni nati imelegea, Felco ina kile kigurudumu cha meno kinachoshika nati isizunguke, unakifungua, unakaza kidogo sana, unarudisha. Kwetu mimi ndo mnoaji, wengine wanakunywa chai mimi nanoa mikasi yote, na napenda mno hiyo saa.

Kuhusu bei, ndio, hizi ni ghali, kwa hela ya mmoja unapata mikasi kadhaa ya kawaida, na sitakaa hapa nikasema hela sio kitu. Tulikuwa na mkasi wa kampuni nyingine ambayo siitaji, ulikuja umeng'aa, ulikata vizuri msimu wa kwanza, alafu bledi ikaanza kuacha nafasi, na ilikuwa imepigwa ribiti huwezi kuikaza wala kuibadilisha, ukaishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Tofauti kubwa ninayoilipia mimi ni hiyo hapo, Felco inafunguka yote. Kama hela inatosha mkasi mmoja tu kwa sasa, chukueni saizi ya mtu anayekata zaidi na wengine wapeni kazi za kubeba, kuangalia na kupanga, msimpe mtu mkasi usiomfaa kwa sababu tu yupo. Na kama mnao mmoja na unatumika na mikono tofauti, badilishaneni mara kwa mara, mtu asikate mfululizo mpaka vidole vife ganzi.

Mambo ambayo yangeweza kuwa bora zaidi kwa maoni yangu: ile 2 haina namna ya kupunguza inavyofunguka, kwahiyo mwenye mkono wa kati anaibeba hivyohivyo hata anapokata vijiti vya unene wa penseli. Mipini ya aluminiamu ndani ya plastiki asubuhi ya baridi unaisikia, glavu zinasaidia. Na pochi ya kubebea inauzwa peke yake, wakati kwa familia yenye watoto pochi sio urembo, ni mahali pa mkasi kukaa ukiwa haukati, ningependa sana ije pamoja na mkasi.

Spea mkiagiza angalieni namba maana bledi haziingiliani kati ya mikasi hii mitatu. Bledi ya Felco 2 ni 2/3 na springi yake ni 2/91, ya Felco 6 ni 6/3 na springi 6/91, na bledi ya Felco 9 ni 9/3. Tumeziandika kwa kalamu ya wino wa kudumu ndani ya mfuniko wa boksi la vifaa ili yeyote aweze kuagiza. Na mkifungua mkasi kusafisha fungulieni juu ya beseni, ile springi ni ndogo na ina nguvu, ikiruka kwenye nyasi ndefu hamuioni tena, kwahiyo wekeni moja ya akiba kwa kila mkasi kabla msimu haujaanza.